Ngome ya Mawe na Ghala la Chakula



Msafiri atokaye Ifakara kwenda Mahenge huvuka kwanza mto Kilombero, zamani kwa kivuko na siku hizi kwa daraja. Kisha hupita katika nchi tambarare yenye mashamba ya mpunga na majani marefu, hata afike chini ya milima. Hapo njia huanza kupanda na kujipinda, na msafiri akigeuka nyuma huliona bonde lote limetandazwa kama mkeka, na ng'ambo ya pili milima ya Udzungwa. Aliye juu huona kila mtu ajaye. Aliye chini haoni ila njia iliyo mbele ya miguu yake. Jambo hili ndilo mwanzo wa elimu yote ya ngome. Huko juu Mahenge Wajerumani waliweka boma lao, na mbele ya boma hilo, tarehe 30 Agosti 1905, wakafa watu wengi sana wa nchi hii.

Wazee wengi na vijana wengi hujiuliza hata leo: Imekuwaje watu wachache waliokuwa ndani wawashinde maelfu waliokuwa nje? Je, walioshambulia walikosa ushujaa? Sivyo hata kidogo, kama tutakavyoona. Lakini ili tulijibu swali hilo vema, yafaa kwanza tujifunze jinsi ngome za kale zilivyojengwa na jinsi zilivyolindwa. Basi tutakwenda mbali kidogo, mpaka Uingereza, tupite Mombasa na Kalenga, ndipo turudi nyumbani Mahenge.

MAGOGO KWANZA, MAWE BAADAYE

Mtu asidhani ya kwamba Wazungu walianza kwa kujenga kwa mawe. Mwaka 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakavuka bahari wakaishika nchi ya Uingereza. Walikuwa wageni na wachache, katikati ya watu wengi wasiowapenda. Kwa hiyo walifanya haraka: walirundika udongo hata ukawa kilima, wakachimba handaki kukizunguka, na juu yake wakasimamisha ua wa magogo na mnara wa mbao. Watu wa kusini mwa Tanganyika wa karne ya 19 wangaliiona kazi hiyo wangaliitambua mara moja, maana wao pia, katika siku za vita, walizungushia vijiji vyao maboma ya magogo.

Walakini magogo yana adui wawili, moto na kuoza. Basi palipokuwa na mawe, na nguvu za watu, na fedha, wakuu wa Wanormani walianza kujenga kwa mawe. Mnara Mweupe wa London ulianzishwa kabla ya mwaka 1100, nao ungali umesimama. Mwaka 1127 ulianza kujengwa mnara mwingine mkubwa katika mji wa Rochester, penye kivuko cha mto Medway, katika njia kuu ya kwenda London. Kama vile Ifakara ilivyo mlango wa wavukao Kilombero, ndivyo Rochester ulivyokuwa mlango wa wavukao Medway. Ashikaye kivuko hushika njia.

JINSI MNARA ULIVYOFANYIZWA

Mnara wa namna hii ulikuwa nyumba, ghala na ngome kwa pamoja. Tueleze sehemu zake moja moja.

Kwanza, mahali. Fundi alichagua kilima, au ukingo wa mto, au mwamba. Mwamba ulikuwa bora kuliko vyote, kwa sababu adui hawezi kuuchimba kwa urahisi.

Pili, kuta. Kuta za Rochester zina unene wa futi kama 12 upande wa chini, na mnara wenyewe una kimo cha futi 113. Wangesimama watu warefu kumi na wanane, kila mmoja kichwani pa mwenzake, wasingelifikia kilele. Upande wa chini ukuta hupanuka nje kidogo, kama mguu wa kinu, ili usimame imara.

Tatu, mlango. Mlango wa mnara haukuwekwa chini penye ardhi, bali katika ghorofa ya juu yake, na watu walipanda kwa ngazi iliyojengwa nje. Adui aliyetaka kuuvunja kwa gogo zito alilazimika kulipandisha ngazini katika nafasi nyembamba, huku mawe na mishale ikimshukia kichwani. Hakuwa na mahali pa kukimbilia ili apate nguvu ya kupiga.

Nne, matundu ya mishale. Kwa nje yalikuwa membamba kama ufa, na kwa ndani yalipanuka. Mpiga upinde aliye ndani aliweza kusogea huku na huku na kulenga pande nyingi, bali aliye nje hakuona ila mstari mweusi ukutani.

Tano, juu ya paa palikuwa na njia ya kutembelea walinzi, na mbele yake ukuta mfupi wenye mapengo. Mlinzi alipiga penye pengo, kisha akajificha penye ukuta. Wakati wa vita walitokeza nje vibaraza vya mbao vyenye matundu sakafuni, wapate kuangusha mawe juu ya mtu aliyefika chini kabisa ya ukuta.

Sita, kisima na ghala. Haya hayaonekani kwa nje, na watu wengi waangaliao picha za ngome huyasahau. Lakini ndiyo moyo wa mnara. Ghorofa ya chini ilikuwa ghala ya nafaka na nyama ya chumvi. Huko Rochester fundi alijenga ukuta mnene wa kugawa mnara katikati, na ndani ya ukuta huo akapitisha kisima kutoka chini mpaka juu, ili watu wa kila ghorofa wateke maji bila kutoka nje.

Kuuzunguka mnara palikuwa na ua mpana, na kuuzunguka ua palikuwa na ukuta mwingine na handaki. Hivyo adui alipaswa kushinda mara mbili: kwanza ua, kisha mnara. Na kazi ya vyote hivyo ilikuwa moja, yaani kumchelewesha. Ngome haikujengwa ili watu wakae ndani milele. Ilijengwa ili wachache waweze kungoja mpaka msaada uje. Ukilisahau neno hilo, huwezi kuifahamu ngome yo yote duniani.

NGURUWE ARUBAINI

Mwaka 1215 Mfalme John wa Uingereza aligombana na wakuu wa nchi yake. Baadhi yao, na watu wao, jumla wapatao mia moja au zaidi kidogo, waliingia ngome ya Rochester wakafunga milango. Mfalme akaja na jeshi akaizingira. Alileta mitambo mikubwa ya kurushia mawe, ikapiga mchana na usiku. Ukuta wa nje ukashindwa, lakini mnara ukasimama.

Ndipo mfalme akatumia hila ya zamani. Aliwaamuru watu wake wachimbe chini kwa chini mpaka wafike chini ya pembe moja ya mnara. Walipokuwa wakichimba waliutegemeza msingi kwa nguzo za mbao, usiwaangukie. Tarehe 25 Novemba mfalme alipeleka barua akitaka aletewe upesi nguruwe 40 walio wanono kabisa, wasiofaa sana kwa kuliwa. Mafuta yao yalitiwa humo shimoni, moto ukawashwa, nguzo zikaungua, na pembe nzima ya mnara ikaporomoka.

Je, walinzi walishindwa siku hiyo? Hapana. Walirudi nyuma ya ule ukuta wa katikati, wakaendelea kupigana katika nusu ya mnara iliyobaki. Kilichowashinda ni njaa. Walikuwa wamekwisha kula farasi wao, na kwa mtu wa vita wa siku zile kumla farasi wake ni kama mkulima kula mbegu zake. Msaada waliotumaini haukuja. Tarehe 30 Novemba, baada ya majuma kama saba, walijitoa.

Pembe iliyoanguka ilijengwa upya baadaye, lakini haikujengwa ya mraba kama wenzake, ilijengwa ya duara. Mafundi walikuwa wamejifunza kwamba pembe kali ni rahisi kuchimbuliwa, tena huacha mahali pasipoonekana na mlinzi. Hata leo mtazamaji huona pembe tatu za mraba na moja ya duara.

MIZINGA YALETA NGOME FUPI

Baadaye mizinga ilienea, na mambo yakageuka. Mnara mrefu uliokuwa fahari ya ngome sasa ukawa shabaha. Mafundi wakaacha kujenga kwenda juu, wakajenga kuta fupi zilizo nene mno, zenye pembe zilizochomoza mbele, ili askari wa pembe moja waweze kupiga mbele ya ukuta wa pembe ya pili. Hapakubaki mahali pa adui kujificha.

Ngome ya namna hiyo iko kwetu Afrika Mashariki. Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593, juu ya mwamba wa matumbawe kando ya bahari, kwa ramani ya fundi Giovanni Battista Cairati aliyezaliwa Italia; wakaiita Ngome ya Yesu. Mwezi wa Machi 1696 Waarabu wa Oman walikuja kuizingira, na vita hivyo vilidumu miaka miwili na miezi tisa.

Kuta hazikuwashinda walinzi, wala hazikuvunjika upesi. Ugonjwa na upungufu wa chakula ndivyo vilivyowaangusha. Ulipofika mwisho wa Agosti 1697, hata mkuu wa Wareno alikuwa amekufa. Waliobaki ni Sheikh Daud wa Faza na jamaa zake 17, wanaume wachache wengine, na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Hao ndio walioilinda ngome kubwa ile hata meli ya msaada ilipofika mwezi wa Septemba. Lakini msaada uliokuja baadaye ulikuwa haba, na maradhi yakaendelea. Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani waliingia, wakakuta watu wachache tu. Siku chache baadaye merikebu za Wareno zilitokea baharini na msaada mkubwa. Zilikuwa zimechelewa.

MKWAWA NA UKUTA WA KALENGA

Sasa tukaribie nyumbani. Ng'ambo ya milima ya Udzungwa, karibu na Iringa, Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijenga ukuta mkubwa kuuzunguka mji wake wa Kalenga. Mwaka 1891 jeshi lake lilikuwa limewashinda Wajerumani huko Lugalo, na mkuu wao Zelewski akauawa. Wajerumani walirudi na mizinga, na baada ya siku chache za vita, tarehe 30 Oktoba 1894, wakaingia Kalenga.

Lakini Mkwawa mwenyewe hakukamatwa. Alitoka, akaendelea kupigana porini karibu miaka minne, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojiua asishikwe mzima. Angalieni ajabu hii: ukuta ulianguka kwa siku chache, bali mtu asiye na ukuta alidumu miaka. Nini kilichomlinda? Ni watu wake, waliompa chakula na kumpasha habari. Wajerumani walilitambua hilo, wakawaandama waliomlisha. Walipomtenga na chakula na watu, ndipo mwisho wake ulipokaribia.

SIKU ILE YA MAHENGE

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilienea kusini mwa Tanganyika. Watu waliochoshwa na kodi, na kazi za kulazimishwa, na mashamba ya pamba, waliunganishwa na dawa ya maji iliyotoka kwa Kinjikitile wa Ngarambe, wakiamini kwamba risasi zitageuka maji. Vita vikafika bonde la Kilombero, na Wapogoro na Wambunga wakawa miongoni mwa walioliendea boma la Mahenge.

Ndani ya boma alikuwamo mkuu wa Kijerumani, von Hassel, na askari wapatao 60, na mamia machache ya wenyeji waliokuwa upande wake, na bombom mbili, yaani bunduki zipigazo risasi mfululizo. Washambuliaji walikuwa maelfu. Lakini makundi yao hayakuja kwa wakati mmoja. Kundi la kwanza lilianza kupigwa lingali mbali, yapata mita 1000. Wale watu hawakukimbia. Walisonga mbele katika risasi muda wa kama robo saa, ndipo safu zao zilipovunjika. Kisha likatokea kundi la pili, watu wapatao 1,200, kutoka upande mwingine. Hao walifika karibu mno. Wa mbele walianguka hatua tatu tu kutoka mahali waliposimama wapiga bunduki.

Hatua tatu! Mtu afikaye hapo baada ya kuwaona wenzake wakianguka hawezi kuitwa mwoga. Basi jibu la swali letu la kwanza ni hili. Walioshindwa hawakukosa moyo. Walikutana na mambo yale yale aliyoyapanga fundi wa Rochester, yaani mahali palipoinuka, uwanja ulio wazi mbele, na walinzi waliositirika. Na juu ya hayo ikaongezwa silaha mpya. Mshale wa zamani ulimfikia adui mmoja mmoja, na kati ya mshale na mshale palikuwa na nafasi ya kukimbia. Bombom haikuacha nafasi. Na kwa kuwa makundi mawili hayakushambulia pamoja, walinzi walipata wasaa wa kuzigeuza silaha zao kutoka upande huu kwenda upande ule.

Walionusurika walifanya jambo la akili: waliacha kukimbilia risasi, wakalizunguka boma wakalizingira, wapate kulishinda kwa njaa. Huenda wangalifaulu. Lakini katika mwezi wa Septemba Kapteni Nigmann alifika kutoka Iringa na askari, akawafungulia njia waliozingirwa. Msaada uliokosekana Rochester, na kuchelewa Mombasa, Mahenge ulifika kwa wakati.

NJAA YAGEUZWA

Hapo ndipo lilipokuja baya zaidi. Wajerumani walijua kwamba hawawezi kumfuata kila mtu msituni. Basi wakaichukua silaha ile ya wazingirao ngome, wakaielekeza juu ya nchi nzima. Vijiji vilichomwa, mashamba yakaharibiwa, nafaka ikachukuliwa au kutiwa moto. Vita viliendelea hata mwaka 1907. Wanahistoria hukadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa njaa na maradhi yaliyoifuata. Wengi wa hao walikuwa wanawake, watoto na wazee, ambao hawakukaribia boma lo lote.

Kwa hiyo tukiulizwa ngome ya watu ni nini, tusiseme upesi kwamba ni mawe. Mawe humchelewesha adui, na hiyo ni kazi kubwa. Lakini yakikosa maji, na chakula, na mtu wa kuja kusaidia, huwa kaburi la waliomo. Kalenga ilitufundisha kwamba watu wenye umoja na chakula huweza kudumu hata pasipo ukuta. Miaka ya 1905 mpaka 1907 ilitufundisha kwamba aichomaye ghala ameubomoa ukuta wa mwisho. Wazee wetu walisema akiba haiozi, nao hawakuwa wakinena juu ya jiko peke yake.

Siku hizi maneno ya vita yamebadilika maana. Boma, lililokuwa ua wa kujihifadhi, limekuwa jina la ofisi ya wilaya. Gereza, jina walilopewa majumba ya ngome za pwani kama lile la Kilwa Kisiwani, sasa ni nyumba ya wafungwa. Kuta za kale zimebaki za kutazamwa, na wanafunzi huenda Mombasa na Kalenga kujifunza.

Nawe msomaji, utakapoiona ngome ya kale, usiishie kuupima unene wa ukuta wake. Jiulize maswali matatu: Maji waliyapata wapi? Chakula walikiweka wapi? Nani aliyekuwa atakuja kuwasaidia? Na siku utakapopanda kwenda Mahenge, simama kidogo kwenye njia, utazame chini mashamba ya mpunga ya Kilombero, uwakumbuke wale waliofika hatua tatu kutoka mwisho wa safari yao.